Mwanamke aliyefukua ukweli wa Zimbabwe Kuu

MNAMO Agosti 1929, Chama cha Uingereza cha Kuendeleza Sayansi kilifanya kongamano lake nchini Afrika Kusini. Miongoni mwa waliopanda jukwaani kuwasilisha matokeo ya utafiti wao alikuwa mwanamke mwenye umri wa miaka 41, Gertrude Caton-Thompson, ambaye alikuwa ametoka kuchimbua magofu ya Zimbabwe Kuu katika nchi iliyoitwa Rhodesia Kusini wakati huo.

Swali alilotumwa kulijibu lilikuwa moja: ni nani aliyezijenga kuta zile kubwa za mawe? Jibu lake halikuwa na kigugumizi. Wajenzi walikuwa Waafrika wenyeji, na waliijenga kazi hiyo katika karne za kati, muda mrefu baada ya enzi ya Mfalme Suleimani na Malkia wa Sheba.

Kwa msomaji wa leo, hilo ni jambo la kawaida kabisa. Katika mwaka wa 1929, hata hivyo, jibu hilo liligusa uhalali wa utawala mzima. Walowezi walikuwa wamejiaminisha kwamba Mwafrika hakuwahi kuwa na mji wala dola, na kwamba ustaarabu wowote uliopata kuonekana kusini mwa bara hili uliletwa na wageni wa kale. Ikiwa wageni ndio waliojenga zamani, basi wageni wapya walikuwa wakirudi tu mahali pao. Historia ilikuwa imegeuzwa hatimiliki ya ardhi.

Ndiposa maisha ya mwanaakiolojia huyu yangali na mafunzo kwa kila anayetaka kujua jinsi udongo unavyoweza kukanusha yaliyoandikwa na wenye nguvu.

Njia ndefu ya kuelekea kazini

Gertrude Caton-Thompson alizaliwa jijini London mnamo Februari 1, 1888, katika familia yenye uwezo. Babake alifariki yeye akiwa bado mtoto mdogo, naye mamake akaolewa tena mwaka wa 1900. Alilelewa kama mabinti wengi wa tabaka lake: masomo ya wastani, safari za ng'ambo na matarajio ya ndoa. Mnamo 1911 alizuru Misri pamoja na mamake, na urithi alioupata katika kipindi hicho ulimwezesha kujitegemea kifedha maisha yake yote.

Vita Vikuu vya Kwanza vilivuruga mpango wowote wa maisha ya utulivu. Mpenzi wake, aliyekuwa afisa wa jeshi, aliuawa vitani mwaka wa 1916. Gertrude hakuolewa kamwe. Alifanya kazi katika wizara ya Uingereza iliyosimamia usafiri wa meli, na vita vilipomalizika alikuwa miongoni mwa maafisa waliohudhuria Kongamano la Amani jijini Paris mwaka wa 1919.

Alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 30 alipoamua kuanza upya na kusomea akiolojia katika chuo cha University College, London. Huko alifunzwa na Flinders Petrie, bingwa wa uchimbuzi wa Misri, ambaye alimpeleka Abydos katika msimu wa 1921 na 1922. Baadaye aliendeleza masomo katika chuo cha Newnham, Cambridge, ambacho kilikuwa nyumbani kwake kitaaluma kwa miaka mingi.

Wakati huo wachimbuzi wengi nchini Misri walikimbilia makaburi ya wafalme na dhahabu yake. Caton-Thompson alivutiwa na walichokuwa wakipuuza wenzake: vijiji vya watu wa kawaida walioishi kabla ya mafirauni. Katika eneo la Hemamieh alichimba kwa vipimo vya tabaka ndogondogo na kuandika mahali hasa kila kitu kilipolala. Mbinu hiyo, ambayo leo kila mwanafunzi wa akiolojia hufunzwa, haikuwa ya kawaida kwa wakati wake.

Kati ya 1924 na 1928 alifanya kazi katika bonde la Fayum akishirikiana na mwanajiolojia Elinor Gardner. Huko waligundua maghala ya chini ya ardhi zaidi ya 100, mengi yakiwa yametandikwa nyasi zilizosukwa, na ndani ya baadhi yake mlikuwa na punje za ngano na shayiri. Walipata hata mundu wa mti wenye makali ya mawe. Hao walikuwa miongoni mwa wakulima wa kwanza kabisa kujulikana katika bonde la Nile.

Sifa hizo ndizo zilizomfikisha Zimbabwe Kuu.

Hadithi za wageni wa kale

Magofu hayo yako karibu na mji wa Masvingo, kusini mwa nchi ambayo sasa ni Zimbabwe. Ukuta wa nje wa Ua Kuu una mzunguko wa mita zipatazo 250, na mahali pengine kimo chake hufikia mita 11. Mawe yake ya matale yamepangwa moja juu ya jingine bila chokaa wala udongo wa kuyashikanisha. Juu ya kilima kilicho karibu pana kuta nyingine zilizojengwa katikati ya majabali. Pia zilipatikana pale sanamu za ndege zilizochongwa kwa jiwe laini, la aina ile wanayochonga mafundi wa Tabaka, Kisii.

Mjerumani Carl Mauch alipofika pale mwaka wa 1871, aliutazama ubao uliokuwa mlangoni akaamua kwamba ulikuwa mwerezi wa Lebanon. Kutokana na ubao huo alijenga hadithi nzima: hapo palikuwa pa Malkia wa Sheba. Mti huo, kumbe, ni wa kienyeji.

Cecil Rhodes na kampuni yake walipoitwaa nchi, hadithi hiyo iliwafaa. Mnamo 1891 walimsaidia Theodore Bent kuchimba, naye akahitimisha kwamba wajenzi walikuwa watu wa kaskazini, kutoka Uarabuni. Mwaka wa 1895 ilisajiliwa hata kampuni ya kutafuta dhahabu ndani ya magofu ya nchi hiyo, nayo ilichakura makaburi na sakafu za kale kama kuku jaani.

Uharibifu mkubwa zaidi ulifanywa na Richard Hall, aliyeteuliwa mwaka wa 1902 kuyatunza magofu. Kwa imani kwamba mabaki ya Waafrika yalikuwa taka zilizofunika kazi ya watu wengine, aliondoa na kutupa tabaka nene za udongo pamoja na kila kilichokuwamo. Alichotupa ndicho kilichokuwa ushahidi.

Mnamo 1905, mwanaakiolojia David Randall-MacIver alifanya uchunguzi wa kwanza wa kitaalamu na kusema kwamba magofu ni ya Waafrika wa karne za kati. Walowezi hawakukubali. Ubishi uliendelea kwa zaidi ya miaka 20, na hapo ndipo Chama cha Uingereza kilipomtuma Caton-Thompson kuuamua.

Ushahidi wa udongo

Aliwasili akiwa na wasaidizi wawili, wanawake kama yeye. Mmoja alikuwa Kathleen Kenyon, aliyekuwa ametoka tu kuhitimu chuoni na ambaye miaka ya baadaye alipata umaarufu kwa uchimbuzi wake huko Jericho na Jerusalem. Mwingine alikuwa Dorothy Norie. Kwa jamii ya walowezi, kundi la wanawake kukabidhiwa swali zito kama hilo lilikuwa ajabu ya aina yake.

Kikwazo chake cha kwanza kilikuwa kupata mahali ambapo Hall na wenzake hawakuwa wamevuruga. Alichagua Gofu la Maund, ambalo lilikuwa dogo na lisilo na mvuto, na kwa sababu hiyo lilikuwa limesazwa na wachakuraji. Kadhalika alichimba njia chini ya Mnara wa Ua Kuu, ambao wengi waliamini umefunika hazina au kaburi. Hakukuwa na hazina wala kaburi. Vilevile alipanda ndege kuyatazama magofu kutoka angani, mbinu iliyokuwa changa mno katika taaluma hiyo.

Hoja yake ilikuwa rahisi kueleweka. Sakafu ya nyumba ikiwa haijavunjwa, kitu kilicholala chini yake hakiwezi kuwa kilidondoka pale baada ya sakafu kutengenezwa. Kwa hivyo alichunguza kilichokuwa chini ya sakafu na chini ya misingi ya kuta. Alikuta vigae vya vyungu vya kienyeji, zana za chuma na shanga za kioo. Vyungu vile vilikuwa na nasaba na vile vilivyofinyangwa na wenyeji wa nchi hiyo. Shanga nazo zilikuwa za biashara ya Bahari ya Hindi, za karne za kati. Hakupata chombo hata kimoja cha kuthibitisha kwamba Wafoinike au watu wa Sheba waliwahi kuishi hapo.

Bidhaa za mbali zilizojulikana kutoka magofu hayo, vikiwemo vipande vya vyombo vya Uchina na Uajemi, zilipata maelezo mapya. Zilikuwa zimenunuliwa. Wenyeji walikuwa na dhahabu na pembe za ndovu, na bidhaa hizo zilisafirishwa hadi bandari ya Sofala, kisha zikapitia miji ya Waswahili, hasa Kilwa. Sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 14, ilikuja kupatikana Zimbabwe Kuu miaka mingi baadaye na kuutia nguvu ushahidi huo.

Aidha, Caton-Thompson alitembelea magofu mengine madogo ya aina hiyo nchini, na kote alikuta picha ileile. Mwaka wa 1931 alichapisha kitabu chake kuhusu utamaduni wa Zimbabwe, ambacho kingali msingi wa mjadala huu.

Kelele za wapinzani

Wapinzani hawakukawia. Aliyempinga kwa ukali katika kongamano lenyewe alikuwa Raymond Dart, msomi ambaye miaka minne awali alikuwa ameitangazia dunia fuvu la mtoto wa Taung na kudai kwamba asili ya binadamu ni Afrika. Dart, ambaye alikuwa sahihi kuhusu mifupa hiyo ya kale kabisa, hakuweza kukubali kwamba Waafrika wa juzi waliweza kujenga mji bila kusukumwa na wageni.

Kwa miaka mingi Caton-Thompson aliendelea kupokea barua za watu waliokasirishwa na matokeo yake. Alizihifadhi katika faili ya peke yake, aliyoipa jina la wendawazimu, akaendelea na kazi.

Kati ya 1930 na 1933 alifanya utafiti katika nyika ya Kharga, magharibi mwa Nile, akichunguza jinsi watu wa kale walivyofuata maji jangwani. Rubani mashuhuri Lady Mary Bailey alijiunga naye mwaka wa 1931 kupiga picha za angani. Mnamo 1937 na 1938 alikuwa Hadhramaut, nchi ambayo familia nyingi za Lamu na Mombasa hufuatilia nasaba zao huko. Huko Hureidha alichimbua hekalu la mungu wa mwezi pamoja na makaburi ya kale.

Heshima zilimjia moja baada ya nyingine. Mwaka wa 1940 aliteuliwa rais wa chama cha wanahistoria wa kale cha Uingereza, akiwa mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho, na mnamo 1944 akachaguliwa mwanachama wa British Academy. Mwaka wa 1946 alitunukiwa nishani ya Huxley ya wanaanthropolojia.

Kiungo chake na eneo letu pia kipo. Alikuwa miongoni mwa waasisi wa taasisi ya Uingereza ya historia na akiolojia ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa karibu na mwaka wa 1960 na ambayo baadaye ilifanya Nairobi kuwa makao yake. Alihudumu katika baraza lake kwa muda wa miaka 10. Ni taasisi hiyo iliyogharimia uchimbuzi wa Neville Chittick huko Kilwa na Manda.

Aliyesahihisha naye asahihishwa

Ingekuwa kosa kumchora Caton-Thompson kama malaika. Katika kitabu kilekile alichowarejeshea Waafrika kuta zao, aliandika kwa dharau kuhusu akili ya wajenzi hao, akiilinganisha na ya watoto. Aliuona ushahidi na kuukubali, lakini hakuweza kuvua miwani ya enzi yake. Huenda hilo ndilo linaloupa ushahidi wake uzito zaidi: hakuwa na sababu ya kuwapendelea Waafrika.

Fauka ya hayo, hata aliyoyathibitisha hayakubaki yalivyokuwa. Vipimo vya kaboni, ambavyo havikuwapo alipokuwa akichimba, vilianza kutumika karibu na mwaka wa 1950, na nafaka ya maghala ya Fayum ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kupimwa. Punje hizo zilionekana kuwa na umri wa miaka zaidi ya 6,000. Watafiti waliofuata walibaini pia kwamba alikuwa amepindua mpangilio wa makundi mawili ya watu wa Fayum. Wale aliowadhania kuwa wazawa waliodhoofika wa wakulima walikuwa wawindaji na wavuvi waliotangulia kwa zaidi ya miaka 1,000.

Kuhusu Zimbabwe Kuu, mwanzo wa mji aliuweka mapema mno. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba ujenzi na ustawi wake ulikuwa kati ya karne ya 11 na ya 15.

Serikali ya walowezi ilipojitangazia uhuru mwaka wa 1965, ukweli huo uligeuka hatari kwa watumishi wa umma. Peter Garlake, mkaguzi wa mambo ya kale aliyekuwa amefanya utafiti wake wa awali katika majengo ya Kiislamu ya pwani ya Afrika Mashariki, alishinikizwa kuficha asili ya magofu. Alikataa, akaondoka nchini mnamo 1970.

Nchi ilipopata uhuru wa kweli mnamo Aprili 18, 1980, ilichukua jina la magofu hayo. Neno hilo la Kishona lina maana ya nyumba za mawe, na Mswahili hahitaji mkalimani kulielewa. Ndege wa mawe akapepea kwenye bendera.

Tangu hapo, wachimbuzi wa Zimbabwe wenyewe wameshika usukani. Shadreck Chirikure na Innocent Pikirayi wamehoji mambo yaliyokuwa yakikaririwa vitabuni. Idadi ya wakazi, ambayo zamani ilikadiriwa kuwa 18,000 au zaidi, sasa yaonekana haikuzidi 10,000 kwa wakati mmoja. Mashimo makubwa yaliyodhaniwa kuwa ya kuchimba udongo tu yameonekana kutumika kuhifadhi maji ya mvua. Nao uchimbuzi katika kilima cha Mapela, uliochapishwa mwaka wa 2014, umeonyesha kwamba dalili za utawala wa kitabaka katika eneo hilo hazikuanzia mahali pamoja kama ilivyofundishwa.

Hakuna hata moja kati ya haya linalorudisha hadithi ya Sheba. Kila utafiti mpya huurekebisha ule wa awali kwa vipimo bora.

Mwangwi wa pwani

Msomaji wa Kenya ataitambua hadithi hii. Gedi, Manda na Pate nazo ziliwahi kuhesabiwa kuwa kazi ya wageni kutoka ng'ambo. James Kirkman, aliyeanza kuchimbua Gedi mwaka wa 1948, aliitazama miji hiyo kama makoloni ya Waarabu. Katika miaka ya 1980, uchimbuzi wa Mark Horton huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, ulionyesha kwamba chini ya msikiti wa mawe palikuwa na misikiti midogo ya miti na udongo ya tangu karne ya 8, ndani ya kijiji kilichokua taratibu na kuwa mji.

Mnamo 2023, utafiti wa chembe za urithi za watu 80 wa kale uliongeza sura nyingine. Wengi wa wakazi wa miji ya Waswahili walikuwa na mama wa Kiafrika, na karibu na mwaka wa 1000 wanaume wa asili ya Asia, hasa Uajemi, waliingia katika koo hizo. Matokeo hayo yaliwashangaza wanaodai kwamba wageni walijenga kila kitu, na pia wale waliozipuuza simulizi za wazee kuhusu Washirazi.

Hiyo ndiyo desturi ya ushahidi: haumbembelezi mtu. Caton-Thompson aliifuata desturi hiyo mahali ambapo kuifuata kulimletea matusi, na vizazi vilivyofuata vikaitumia kumsahihisha yeye mwenyewe.

Alifariki nchini Uingereza mnamo Aprili 18, 1985, akiwa na umri wa miaka 97. Siku hiyo, Zimbabwe ilikuwa ikiadhimisha miaka mitano ya uhuru wake.